MAFUTA NDANI YA MAJI
Namna ya kupima kipozeo cha mafuta ya motere



Mwezi uliopita, katika somo la fizika, niliandika neno « presio » kwenye tablo. Mwanafunzi mmoja wa benchi la nyuma akainua mkono: « Mwalimu, hiyo presio itatusaidia nini hapa Luberizi? » Klasi yote ilicheka. Mimi sikumpa azabu, maana swali lilikuwa la haki. Kwa kweli nilimjibu vibaya, nikasema itakuja kwenye mtihani. Jibu lenyewe nililipata majuma mawili baadaye, chini ya mwembe kando ya barabara kubwa, mahali ambapo mafundi wanafungua motere za makamyo.

Kulikuwa pale kamyo ya mama mmoja mchuuzi, anayepandisha mchele na mihogo Bukavu na kurudi na vitu vya duka. Asubuhi moja shofere wake alifungua kifuniko cha radiatere apate kuongeza maji, akakuta kitu cha rangi ya kahawa yenye maziwa, kizito kama uji wa mtoto. Alipochovya kidole kiliteleza. Mafuta ya motere yaliingia ndani ya maji. Fundi kijana aliyeitwa hakukawia: « Mama, ni gasketi ya kulasi. » Kulasi ni kile kichwa cha chuma kinachofunika motere kwa juu, na gasketi ni ile inayobanwa katikati, ili moto, maji na mafuta, kila kimoja kibaki katika njia yake. Mama akauza ng'ombe mmoja, akanunua gasketi Uvira, akalipa kazi ya siku tatu. Kamyo ikaondoka. Siku ya tano ikarudi inavutwa kwa kamba na kamyo nyingine, na uji ulikuwa ndani ya radiatere kama mbele.

Mama yule alikaa juu ya gurudumu la zamani akasema polepole: « Wanangu, ng'ombe wangu amekwisha kuliwa, na ugonjwa uko palepale. » Hakuna aliyemjibu.

Ndipo mzee mmoja aliyezeekea katika kazi ya makamyo akauliza: « Radiatere ya mafuta mliipima? » Kijana akasema: « Ndiyo, Mzee. Niliziba tundu moja nikapuliza kwa mdomo katika lile jingine. Haikutoa pumzi. » Mzee akamtazama bila kasirani. « Mwanangu, wewe unapuliza kwa nguvu ya nani? »

Neno hilo la mzee ndilo somo letu la leo.

Kitu chenyewe ni nini

Radiatere ya maji mnaijua wote, ile ya mbele inayopigwa na upepo. Lakini motere nyingi kubwa za mazuti zina kipozeo kingine, kidogo, kinachofichwa ubavuni mwa motere chini ya kifuniko cha chuma. Mafundi wetu wanakiita radiatere ya mafuta. Ni vibamba vyembamba vilivyounganishwa, au vijiti vya bomba vilivyofungwa pamoja. Ndani yake yanapita mafuta ya motere, na nje yake yanapita maji ya motere. Ukuta unaowatenga ni mwembamba sana, na ni lazima uwe hivyo, maana ukuta mnene haupitishi moto upesi.

Zamani kitu hicho hakikuwako. Gari la Karl Benz la mwaka 1886 lilipoza motere yake kwa kuacha maji yachemke na kwenda zake kuwa mvuke, kisha unaongeza mengine. Mwaka 1888 bibi yake, Bertha Benz, alipolipeleka gari kutoka Mannheim mpaka Pforzheim pamoja na wana wake wawili, safari inayopita kilometa 100, ilibidi asimame mara nyingi kutafuta maji, sawasawa na shofere wetu anayesimama kwenye kila mto akiwa na bidoni mkononi. Wilhelm Maybach ndiye aliyebadili mambo. Katika Mercedes ya nguvu farasi 35, ya mwaka 1901, aliweka radiatere ya vijibomba 8 070, kila kimoja na mraba wa milimeta 6. Maji kidogo, upepo mwingi.

Na mafuta? Katika motere nyingi za wakati ule mafuta yalirushwa-rushwa tu ndani ya tumbo la motere. Ford T, iliyotengenezwa tangu 1908 mpaka 1927, haikuwa na pompe ya mafuta hata moja, gurudumu zito la motere ndilo lililoyarusha. Mafuta ya namna hiyo hayana presio, kwa hiyo hayana nguvu ya kupenya mahali pasipo pake. Lakini motere zilipoongezwa nguvu, kwanza katika magari ya mashindano na katika ndege, na tangu miaka ya 1920 katika makamyo ya mazuti, mafuta yalianza kusukumwa kwa pompe. Yakawa na kazi mbili: kulainisha vyuma na kubeba moto. Mafuta yakipita nyuzi 130 hivi yanakuwa mepesi kama maji na yanaharibika upesi, kwa hiyo ilibidi nayo yapozwe. Kipozeo kikazaliwa, na pamoja nacho hatari mpya: mafuta na maji wakawa majirani wenye ukuta mmoja.

Nani anamsukuma nani

Presio ni nguvu inayosukuma juu ya kila sehemu ya eneo. Tunaihesabu kwa bar. Bar 1 ni karibu uzito wa kilo 1 juu ya kila sentimeta moja ya mraba. Motere ikitumika, mafuta yanakuwa na bar 3 mpaka 5, na asubuhi yakiwa baridi na mazito yanaweza kupita hapo. Maji yenyewe yanazuiwa na kifuniko cha radiatere chenye springi, kinachofunguka kati ya bar 0,5 na bar 1.

Chukueni kaye, tuhesabu. Kibamba cha sentimeta 20 kwa 30 kina sentimeta za mraba 600. Kwa bar 4, mafuta yanakisukuma kwa nguvu ya kilo 2 400 hivi. Ni magunia 24 ya kilo mia, juu ya bati ambalo ungeweza kulikunja kwa magoti! Ni kweli, maji ya upande wa pili yanarudisha kidogo, lakini mafuta ndiyo yanayoshinda. Kwa hiyo, ukuta ukipasuka wakati motere inatumika, mafuta yanaingia ndani ya maji. Huu ndio uji wa yule mama.

Sasa zimeni motere. Pompe ya mafuta inasimama, na presio ya mafuta inaanguka mpaka sifuri kwa muda mfupi. Lakini maji yangali moto na kifuniko kingali kimefungwa, kwa hiyo maji yanabaki na presio yake kwa saa nzima au zaidi. Vita vinageuka: maji yanaingia ndani ya mafuta, usiku, wakati shofere amelala. Asubuhi anavuta kile kijiti cha kupimia, anaona mafuta yamepanda juu ya alama, na pengine anafurahi kwamba motere haili mafuta! Mafuta yenye maji hayawezi kubeba uzito. Vikalio vya mhimili, vile mafundi wanavyoita kusine, vinasagika, na motere inakufa mlimani.

Nimesema mlimani kwa sababu. Kutoka ziwa Tanganyika, lililo meta 773 juu ya bahari, barabara yetu inapita Kiliba, Sange, hapa kwetu, Luvungi na Kamanyola katika tambarare na joto, kisha inapanda makorongo ya Ngomo kwenda Bukavu, na ziwa Kivu liko meta 1 460. Maji yasiyofungwa yanachemka kwa nyuzi 97 hivi hapa kwetu, na kwa nyuzi 95 kule juu. Kwa hiyo kifuniko kizuri ni cha lazima: kikishika bar 0,9, maji ya Bukavu hayachemki mpaka yafike nyuzi 115 hivi. Shofere anayetupa kifuniko na kuziba kwa kitambaa anajipunguzia nyuzi 20 kwa mkono wake mwenyewe. Nawaona wengi.

Mafuta na maji hayapatani, lakini mara moja mafuta yalishinda maji kwa faida ya watu, na ni katika ziwa letu. Mwaka 1916 Wajeremani waliizamisha meli yao Graf von Götzen karibu na Kigoma. Mbele ya kuizamisha, wainjinia wake walipaka mashini yote grisi nzito. Ilitolewa majini mwaka 1924, mashini yakaonekana yangali yanafaa, na mwaka 1927 ilianza tena kazi kwa jina la Liemba. Ndiyo meli iliyorudisha wakimbizi wetu wengi kutoka Tanzania mwaka 1997, na baadhi ya wazazi wenu waliipanda. Tofauti iko wapi? Grisi ile ilitulia juu ya chuma, hakuna kitu kilichoikoroga. Ndani ya motere mafuta na maji vinapigwa pamoja kama mayai, mpaka vinakuwa uji.

Pumzi ya mtu haitoshi

Turudi chini ya mwembe. Mapafu ya mtu mzima mwenye nguvu yanasukuma karibu bar 0,1. Hata mpiga tarumbeta hawezi kuzidisha sana. Kipozeo kinafanya kazi kwa bar 4. Kijana yule alipima kwa sehemu moja ya arobaini ya mzigo, kama mtu anayetaka kujua kama daraja litabeba kamyo, akapitisha mbuzi. Mzee hakumtukana, alimwambia tu alete pampu ya mguu yenye saa ya presio.

Namna ya kupima ni ile ya fundi wa baiskeli sokoni, ambaye anatia mpira wa ndani katika beseni na kutafuta mapovu. Wale mafundi wa shaba waliotengeneza radiatere za kwanza walifanya vilevile: waliziba matundu, wakasukuma hewa, wakazamisha radiatere ndani ya tangi la maji na kutazama. Gereji kubwa za leo zinafanya hivyo mpaka sasa, vyombo tu ndivyo vilivyo vizuri zaidi.

Mzee alikiosha kipozeo kwa mazuti, kisha kwa sabuni na maji, akakikausha. Tundu moja la mafuta aliliziba kwa kipande cha mpira na bati lililobanwa kwa bulo mbili. Juu ya tundu la pili alifunga bati lenye valve iliyokatwa kwenye mpira wa gurudumu. Alitaka kwanza kujua kama kipozeo kina nguvu ya kutosha, kwa hiyo alikijaza maji mpaka karibu pomoni, akafunga, akasukuma hewa kidogo juu ya maji yale mpaka bar 4.

Mbona maji kwanza? Hapa, wanafunzi, tegeni masikio, maana hapa watu wanapoteza macho. Kipozeo chenye nafasi ya lita 1, ukikijaza hewa mpaka bar 4, umekishindilia lita 5 za hewa ya kawaida ndani ya lita 1. Ndiyo kanuni ya Boyle, ya mwaka 1662, ile mliyoandika katika kaye bila kuipenda. Bati likipasuka, hewa yote inataka kurudi kuwa lita 5 kwa mara moja, na inarusha vipande. Lakini lita 1 ya maji, ukiisukuma kwa bar 4, inapungua kama matone manne tu. Ikipasuka, maji yanamwagika miguuni na basi. Ndiyo sababu hata matanki ya mvuke ya treni na ya viwanda yalipimwa kwa maji baridi yaliyosukumwa. Anayetia hewa ya kompresere moja kwa moja, bila saa ya presio, katika kitu asichojua nguvu yake, anacheza na bomu.

Kipozeo kilishika. Mzee akamwaga maji, akakifunga tena na hewa peke yake, bar 4, akakizamisha ndani ya nusu ya pipa lenye maji baridi, na ubao mzito juu. Mapovu machache yalitoka, yale yaliyoshikana nje ya vibamba, kisha yakakoma. Tulingoja dakika kumi. Hakuna kitu. Fundi kijana akatabasamu: « Mzee, nilisema mimi. » Nakiri kwamba hata mimi, mwalimu wa fizika, nilikuwa upande wake.

Mzee akaagiza moto.

Maji ya moto

Walipasha maji katika pipa mpaka mkono haukuweza kuingia, nazani nyuzi 80 hivi. Mzee alifungua valve hewa itoke, akakiacha kipozeo ndani kipate moto wote, ndipo akasukuma tena mpaka bar 4. Tulisimama mbali kidogo na kuangalia. Dakika ya kwanza, hakuna. Dakika ya pili, povu moja lilipanda karibu na pembe, mahali kibamba kilipounganishwa. Kisha jingine. Kisha mstari wa mapovu madogo kama shanga, kutoka palepale, bila kukoma. Mama akasimama kutoka juu ya gurudumu.

Kwa nini baridi ilificha na moto ukafunua? Vyuma vinatanuka, lakini si kwa kiasi kimoja. Meta moja ya chuma cha pua inaongezeka karibu milimeta 0,012 kwa kila nyuzi moja, na aluminiamu milimeta 0,023. Kitu cha sentimeta 30, kikipashwa nyuzi 60, kinaongezeka milimeta 0,2 kikiwa cha chuma, na 0,4 kikiwa cha aluminiamu. Mkiviunganisha viwili hivyo, kimoja kinavuta mwenzake kwa milimeta 0,2, ni kusema unene wa karatasi mbili za kaye. Na hata chuma kimoja, kikiwa moto upande huu na vuguvugu upande ule, kinajivuta chenyewe. Ufa unaofumbwa wakati wa baridi unafunguka kwa moto. Motere ya kamyo haifanyi kazi ikiwa baridi, basi kipozeo kipimwe katika moto wake na kwa presio yake. Kila mtengenezaji anaandika katika kitabu cha motere ni bar ngapi. Kitabu kikiwako, fuata kitabu, usifuate mzee wala mimi.

Mtauliza: je, kijana alikosa kabisa kuzani gasketi? Hapana. Gasketi iliyoungua inaweza kuchanganya mafuta na maji vilevile. Lakini mara nyingi inaleta alama nyingine. Ikiwa imepasuka upande wa moto, gesi ya silinda, yenye makumi ya bar, inaingia ndani ya maji: utaona mapovu katika radiatere motere ikinguruma, tiyo ya juu inakuwa ngumu kama jiwe ingali baridi, moshi mweupe unatoka nyuma, na motere inachemka. Kamyo hii haikuwa na hata moja ya alama hizo. Mafuta ndani ya maji peke yake, na motere inavuta vizuri: hapo unafungua kwanza kile kilicho rahisi kufungua. Kipozeo kinatoka kwa asubuhi moja, kulasi inataka siku tatu na ng'ombe.

Mama alikwenda mwenyewe Uvira pamoja na shofere kutafuta kipozeo kingine, cha kutumika tayari, maana kipya bei yake haisemeki. Mchuuzi alimwonyesha viwili vinavyong'aa. Mama akasema hatoi feza mbele ya kuviona ndani ya maji ya moto. Mchuuzi alinung'unika, lakini alipasha maji. Cha kwanza kilitoa mapovu. Alinunua cha pili.

Kulibaki kazi chafu. Mafuta yote ya motere yalimwagwa pamoja na filtre, na njia za maji zikasafishwa kwa maji moto na sabuni ya unga mara nne, mpaka yakatoka safi. Tiyo mbili za mpira zilikuwa zimevimba na kulainika, sababu mafuta yanakula mpira, nazo zikabadilishwa. Mafuta machafu walitaka kuyamwaga mtoni. Wanawake waliokuwa wanateka maji walikataa kwa makelele, na walikuwa na haki. Yaliwekwa katika bidoni, na sasa yanapakwa kwenye nguzo za ua juu ya mchwa.

Kwa wewe wa benchi la nyuma, na kwa wenzako, haya maswali mawili. Leteni majibu ijumaa, na hesabu ziandikwe, si matokeo tu.

La kwanza: saa ya presio ya kipozeo kilichojazwa maji ilianguka kutoka bar 4 mpaka bar 3 kwa dakika tano, lakini nje hakuna tone lililoonekana. Tajeni mahali pawili ambapo hewa au maji yanaweza kuwa yamepita mbele ya kusema kwamba kipozeo ni kibovu. (Kumbukeni valve na mpira wa mzee.)

La pili: mzee alipasha kipozeo kwanza, ndipo akasukuma. Tuseme kijana angesukuma bar 4 kikiwa baridi, nyuzi 25, akafunga, kisha akakizamisha katika maji ya nyuzi 80. Mshale wa saa ungesimama wapi? Msisahau kuongeza bar 1 ya hewa inayotuzunguka, na kuhesabu joto kuanzia nyuzi 273 chini ya sifuri.